Ruhusa ya Asumini

Harufu ya majani ya mkaratusi yanapochemshwa huniondolea raha. Najua wengi wenu mnaipenda, mnasema inafungua kifua na kuleta usingizi. Juzi mkwe wangu alimfukiza mjukuu wangu mwenye mafua, akamfunika shuka juu ya sufuria, na mtoto akawa anacheka mle ndani ya mvuke. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikipepeta mchele, na mikono ikasimama yenyewe. Alipofunuliwa tu nikamwita, nikamshika kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango na kumtazama macho yake, jicho moja kisha la pili. Mkwe wangu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natazama tu. Akasema mafua ni mafua, Mama, yataisha. Ni kweli, mafua mengi huisha. Lakini mimi yangu hayakuisha.

Wakati huo bado tulikuwa chini ya Mwingereza, nasi tulikaa uwandani, kule juu upande wa Newala. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Kwao ni Masasi, katika ukoo uliobatizwa tangu kwa babu yake, na kanisa ndilo lililomtuma kupanda huku juu kuwafundisha watoto wa Kimakonde. Mama alimfuata bila furaha. Tatizo lake lilikuwa moja tu, maji. Masasi aliacha kisima karibu na nyumba, na huku ilimbidi kushuka genge pamoja na wanawake wengine mpaka kwenye chemchemi, apange ndoo yake kwenye mstari, asubiri maji yajikusanye, kisha apande nayo kichwani. Kila tone lililoingia nyumbani mwetu lilikuwa na jasho lake. Kwa hiyo mtoto mwenye kamasi zisizokauka alikuwa mzigo, maana uso wake ulitaka kuoshwa kila mara.

Mwaka ule kipupwe kilikuwa kikali. Mliokulia kule mnaujua ukungu wa asubuhi, unaofunga mpaka mkorosho ulio mbele ya mlango usionekane. Sote tulipata mafua, wakubwa kwa wadogo. Wenzangu yao yalikauka, yangu yakageuka. Kamasi zikawa za manjano, kisha za kijani, na zikawa na harufu ambayo hata mimi mwenyewe niliisikia. Mtoto niliyekaa naye darasani alisogea mpaka mwisho wa ubao tuliokalia. Nikiinama kufagia, kichwa kiligonga kana kwamba kuna mtu ndani anabisha hodi. Meno ya juu nayo yaliniuma, na Mama akanitazama kinywani asione jino bovu. Akanifukiza kwa majani ya mkaratusi aliyoyachuma kwenye uwanja wa shule, akanifukiza tena na tena, na majirani wakamwambia avumilie, mtoto akikua mafua humwacha.

Kisha ikaja asubuhi ambayo jicho la kushoto halikufunguka. Nilidhani limegandishwa na tongotongo, nikalisugua, na maumivu yaliyonipata yakaniketisha chini. Mama alilowesha kitambaa na kulipangusa polepole. Baadaye aliniambia lilikuwa jekundu na limevimba kama tunda la zambarau, kope zimenyooka na kung'aa. Jirani yetu akasema ni nyigu, na Mama akataka sana kuamini kuwa ni nyigu. Akatafuta mahali mwiba ulipoingia asipaone.

Baba aliporudi kutoka shuleni akapiga magoti mbele yangu. Alifunua jicho kwa kidole gumba, akaniambia nisigeuze kichwa, nifuatishe kidole chake kwa macho tu. La kulia lilifuata. La kushoto lilibaki limesimama, limetokeza mbele, halitaki kwenda popote. Baba alitoa baiskeli nje, akanifunga mgongoni kwake kwa kanga ya Mama ingawa nilikuwa msichana mkubwa wa kwenda shule, akanipeleka zahanati ya bomani. Dresa wa pale, mfunga vidonda, alinigusa paji la uso, akalitazama jicho, akamwambia Baba kuwa hana dawa ya jambo hili na kwamba tusisubiri kesho. Tuteremke, tufike hospitali kubwa ya misheni kule chini, mbele ya Masasi.

Tulipata lori la mfanyabiashara lililobeba karanga. Mama aliniwahi bomani akiwa na kifurushi cha nguo, sufuria na unga. Tulikaa juu ya magunia, na lori likateremka genge kwa ile njia ya vumbi jekundu. Kila shimo lililia ndani ya jicho langu. Mama alikishika kichwa changu kwa mikono miwili, kama mtu anayesafirisha chungu kibichi. Wakadhani nimesinzia. Mama akamwuliza Baba kwa Kimakua, lugha waliyoitumia walipotaka watoto tusisikie, kama jicho litapotea. Nilisikia, maana watoto husikia lugha zote. Baba akamjibu, "Si jicho ninaloliogopa."

Neno hilo lilinisumbua njia nzima. Sikuweza kufikiria kitu kikubwa kuliko jicho. Mwishowe nikaamua kwamba Baba anawaogopa wenye hospitali. Walikuwa Wakristo wa upande mwingine, wanaoomba kwa namna nyingine, na mimi niliwahi kusikia watu wazima wakibishana juu yao baada ya ibada. Nikaona labda watatukataa. Nikaanza kukariri moyoni sala zote nilizozijua, ili wakiniuliza nisikosee.

Hawakuniuliza sala. Walinilaza kwenye kitanda cha chuma, kichwa kimeinuliwa kwa mito, na daktari akaja. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye manyoya mikononi, na Kiswahili chake kilipinda lakini kilifika. Aliwaambia wazazi wangu, mimi nikisikiliza, kwamba ndani ya mifupa ya uso mna vyumba. Vyumba hivyo kwa kawaida vina hewa tu. Mafua yameingia humo, milango imeziba, usaha umejaa. Ukuta kati ya chumba na jicho ni mwembamba kama ganda la yai, na usaha umepenya. Kisha akaweka kidole juu ya kichwa chake mwenyewe, akasema kwamba huku juu kuna ubongo, na ukuta wa huku nao si mnene.

Baba aliitikia kwa kichwa. Mimi nilibaki na vile vyumba. Sikujua kuwa uso una vyumba, na nikawaza kwamba kama kuna vyumba basi kuna wenyeji. Nikamkumbuka yule aliyekuwa akibisha hodi nilipoinama kufagia. Nikakaza macho, nikaogopa kulala, nisije nikaota wametoka.

Zikaanza sindano. Penisilini wakati ule ilikuwa bado dawa ya kusimuliwa, watu waliitaja kwa heshima kama mtu. Mimi niliijua kwa mlio wa sufuria ya kuchemshia sindano, kwa ubaridi wa spiriti, kisha kwa moto uliopita pajani mpaka kwenye kidole cha mguu. Mapaja yalijaa vinundu. Pamoja nazo nilimezeshwa vidonge vikubwa vichungu na kutiwa matone puani kichwa kikining'inia. Sista aliyenihudumia, Mzungu mfupi mwenye mikono ya joto, alichukua dawa ya zambarau akachora mstari kuzunguka wekundu wote usoni pangu, juu ya nyusi na chini ya shavu. Nilipomwuliza kwa nini, akasema tunataka ugonjwa usivuke hapa.

Niliuelewa mstari huo kama mpaka wa shamba. Kwetu mtu akipanda mti wa mpakani, jirani haruki. Nikaamini kuwa ugonjwa umekatazwa, na kazi yangu ni kutousukuma. Nililala bila kutikisika, sikucheka, sikupiga chafya hata pua iliponiwasha mpaka machozi yakatoka. Kesho yake Sista alikuja, akatazama, akaita daktari. Sikuhitaji kuambiwa. Niliuona uso wa Mama. Ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka.

Daktari akafunua kope zangu, akanionyesha kitambaa chekundu. Kwa jicho la kulia kilikuwa chekundu kama damu. Akaliziba la kulia, akaniuliza ni rangi gani. Nikamwambia ni ya udongo. Akauliza tena, nami nikasema tena kuwa ni ya udongo, tena udongo mkavu. Akaongea na Sista kwa lugha yao, maneno machache, na Sista akaondoka kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyevaa vazi refu namna ile. Baba akaitwa nje. Aliporudi alinishika mguu juu ya shuka, akaniambia watafungua mlango mdogo kando ya pua ili usaha utoke, na kwamba nitalala wala sitasikia.

Nakumbuka kitambaa kilichowekwa puani, na harufu tamu yenye kuchoma ikinijaa kooni, nikitaka kusema kuwa napaliwa na nisiweze. Niliamka nikitapika. Nusu ya uso ilikuwa ndani ya bandeji, na kipande cha mpira kilichungulia karibu na nyusi, kikitoa uchafu kidogo kidogo. Mama aliniambia daktari amefurahi. Ilimlazimu Baba arudi shuleni, na kabla ya kuondoka aliongea na daktari mlangoni. Nilisikia sehemu tu. Jicho lina tumaini, daktari alisema, lakini sindano zisikatike hata moja, vidonge visitemwe, na mtoto asilie kwa nguvu wala asipenge kamasi, kwa sababu kidonda bado kibichi na ule ukuta wa juu hajui umeshika namna gani.

Kitanda cha pili kutoka ukutani kilikuwa cha Asumini. Alinitangulia pale hospitali, na alikuwa mkubwa kwangu kidogo. Walitoka upande wa Tandahimba, yeye na mama yake tu, maana baba yake alikwenda kukata mkonge mashamba ya Lindi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, ila wake ulipanda kwenye paji la uso. Alipoletwa alikuwa na uvimbe laini katikati ya paji, kama yai lililofichwa chini ya ngozi, nao ulishapasuliwa kabla sijafika. Alivaa bandeji kama kilemba, na mimi nilionekana kama aliyefungwa kitambaa kwa mchezo wa kutafutana. Tulipotazamana mara ya kwanza alicheka, akasema tukiunganishwa tutapata kichwa kimoja kizima.

Yeye nyumbani alisema Kimakonde na mimi nyumbani nilisemeshwa Kiswahili, kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa wa Kiswahili. Mama zetu nao walipatana. Walipika kwenye banda moja la wauguzaji, jamaa waliokuja na wagonjwa, mafiga yao yamekaribiana, mmoja akienda kuchukua maji mwenzake akasonga ugali wa wote. Mama Asumini alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache. Alichemsha njugumawe na kutuletea kwenye bakuli moja, akaweka bakuli katikati ya vitanda kwenye kiti. Asumini alinifundisha kuzirusha kwenye kikombe kwa jicho moja. Mwanzoni zote zilianguka nje, kwa sababu jicho moja halijui kupima umbali. Sista alizikanyaga njugumawe zetu akateleza, na alipokasirika kwa lugha yake tulijifunika shuka.

Tuliongea sana juu ya kurudi nyumbani. Pale wodini neno kubwa lilikuwa ruhusa. Daktari akipita asubuhi, mmoja huambiwa amepata ruhusa, na mama yake hufunga vyombo akiimba. Asumini alinieleza kuwa ruhusa inakwenda kwa zamu, kama ndoo pale chemchemini. Aliyetangulia kupanga ndoo ndiye atakayetangulia kuchota. Yeye alipanga mbele yangu, basi ataondoka yeye, kisha mimi. Nikaona ni haki. Tukaahidiana kwamba nami nikiruhusiwa nitapita kwao, kwa sababu njia ya kupanda uwandani, kwa hesabu zetu za kitoto, ilikuwa moja tu.

Halafu siku moja baada ya chakula cha mchana Asumini akasema kichwa kinamwuma, na hataki mchezo. Akageukia ukutani. Nilirusha njugumawe moja ikamgonga bega, hakugeuka. Akatapika. Mama yake alikuwa akimfuta alipoanza kutetemeka mkono mmoja, kisha mwili wote, na kitanda cha chuma kikawa kinagonga sakafu. Mtu akasema degedege. Sista akaja, daktari akaja bila koti lake, wakaweka pazia la kitambaa kati yetu. Mama alinishika akaugeuzia uso wangu kifuani kwake. Nilisikia jina la Asumini likiitwa kwa sauti ya kawaida, tena na tena, kama mtoto anavyoitwa akale. Baadaye wakamhamishia chumba cha peke yake mwisho wa ukumbi.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Pazia halikuwapo. Nikamwuliza Mama yuko wapi Asumini. Mama alikuwa akikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema, "Amepewa ruhusa."

Sikushangaa sana. Nilikuwa nimelala, na watu wa Tandahimba husafiri mapema. Niliumia kidogo kwa kuwa hakuniaga. Siku ile Mama hakukaa nami. Aliingia na kutoka, na macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia ni moshi wa banda. Kesho yake nilimwona Mama Asumini kupitia dirishani, amekaa chini karibu na mafiga, wanawake wamemzunguka. Hilo pia nililipatia maelezo. Asumini ametangulia na mjomba wake, mama amebaki kukusanya sufuria na kungoja lori jingine.

Ndipo akili yangu ikaanza kufanya kazi. Aliyekuwa mbele yangu ameshachota. Ndoo inayofuata ni yangu. Na mtu mwenye ruhusa hadungwi sindano. Nilikuwa nimewachunguza wote walioondoka, hakuna aliyedungwa siku ya kuondoka. Sista alipokuja na sinia yake nilikaa kitako, nikaficha mapaja chini yangu, nikamwambia kwa adabu kuwa leo sichomwi. Akatabasamu, akanivuta. Nikashika chuma cha kitanda. Vidonge nilivyowekewa mdomoni nikavitema. Akaja na msaidizi wake, nami nikaanza kupiga kelele, na damu kidogo ikachuruzika chini ya bandeji. Sista akamwambia msaidizi aniachie mara moja. Alijua nisilie, alijua nisijikaze, na alijua sindano isikatike, na mambo hayo yote hayakuweza kuwa pamoja.

Mama alinisihi. Aliniita kwa jina la nyumbani, aliniahidi mabibo, ingawa msimu wake ulikuwa bado, aliniahidi gauni. Nikamwambia, "Mama, mbona hamnielewi? Asumini ameshakwenda. Sasa ni zamu yangu."

Sitausahau uso wake. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na hajui nani kampiga. Alifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akatoka nje, akaniacha na Sista aliyebaki ameshika sindano juu kama mshumaa. Mimi nikaona nimeshinda. Nilifikiri Mama amekwenda kufunga vyombo.

Aliyeingia badala yake ni Mama Asumini. Alikuwa amejifunga kaniki nyeusi na kujitanda nyingine mpaka kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwenye mafua. Alivuta kile kiti tulichokuwa tukiwekea bakuli, akakaa kati ya kitanda changu na kile kilichotandikwa, akakipa mgongo kile kilichotandikwa. Akaniuliza kisa cha kelele. Nikamweleza yote, habari ya ndoo, habari ya zamu, na kwamba Asumini mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sista alitaka kusema neno, Mama Asumini akainua mkono kidogo, Sista akanyamaza.

Akaniuliza kama nimewahi kushuka chemchemini na Mama. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, mwenye ndoo ya mbele akishachota, wa pili huchota papo hapo? Nikafikiri. Nikakumbuka yale maji yanavyobaki tope, na wanawake wanavyokaa kwenye mawe wakisukana nywele. Nikasema hapana, hungoja maji yajae.

"Basi," akasema, "na wewe ngoja yajae."

Nikamwuliza kama Asumini naye alingoja. Akasema Asumini alichomwa sindano zake zote na hakukataa hata moja. Hilo lilikuwa kweli, nami nilikuwa shahidi. Nililegeza mkono kwenye kile chuma. Akakichukua kiganja changu, akakiweka kwenye paja lake, akavikusanya vile vidonge nilivyovitema, akaviangalia, akamrudishia Sista amletee vingine. Nikavimeza mbele yake. Nikageuka ubavu. Mama Asumini akageuza uso, Sista akanidunga, na mimi nikaung'ata mto nisilie, kwa sababu nilitaka mama wa Asumini akamwambie kuwa sikulia.

Alipoinuka kwenda nikamshika kaniki. Nikamwambia, "Mama, mwambie Asumini nakuja."

Aliurekebisha mto wangu, ingawa haukuwa umekaa vibaya.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini wewe usifanye haraka."

Akatoka. Lori lake liliondoka jioni ile, nilisikia mlio wake likishika barabara. Mimi nilibaki pale muda mrefu, nikachomwa sindano ambazo sikuzihesabu, na sikukataa tena hata moja. Kipande cha mpira kikatolewa, uvimbe ukanywea, na siku moja daktari aliponiziba jicho la kulia na kunionyesha kitambaa, nikamwambia ni chekundu. Akauliza chekundu cha namna gani, nikasema cha damu, na yule Mzungu mwenye manyoya mikononi akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu akapangusa miwani. Baba alikuja kutuchukua. Nyumbani nilirudi shuleni, nikawa na jicho linaloona mpaka leo, nikawa napata mafua kama watu wengine na Mama akawa hapati usingizi mpaka yaishe.

Sikupita Tandahimba. Kila nilipouliza, palikuwa na sababu. Watoto husahau, nami nikaacha kuuliza, nikabaki na picha ya Asumini akiishi mahali fulani juu uwandani, anakua sawa na mimi, anarusha njugumawe.

Nilikuwa msichana wa kwenda bweni, Mama akinisindikiza, basi letu lilipopita mbele ya ile hospitali. Nikaona ukumbi ule, nikamwambia Mama kwamba Asumini sasa labda ameshaposwa, maana alinizidi umri. Niliongea kwa furaha tu, kama mtu anavyotaja rafiki wa zamani. Mama alitazama nje ya dirisha mpaka hospitali ikaisha, na miti yake ikaisha. Kisha akaniambia. Asumini alifariki alfajiri ile, kabla sijaamka. Waislamu wa kijiji cha jirani walikuja wakamzika siku hiyo hiyo, na Mama na wanawake wa banda la wauguzaji ndio waliokaa na mama yake.

Niliuliza, basi mama yake alipokuja kwangu na ile kaniki, alikuwa ameshamzika? Mama akaitikia kwa kichwa. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyetoka nje akalia mbele yake, akamweleza nilivyosema, huku akiona aibu kumpelekea mfiwa jambo kama hilo. Wala hakumwomba aingie. Mwenzake aliinuka mwenyewe, akajifunga vizuri, akaenda.

Nikamwuliza Mama, yule mwenzake alisema nini alipotoka mle wodini.

"Alikaa chini, akaomba maji," Mama akajibu. "Nikamletea, akayashika tu. Kisha akaniuliza, 'Sista ameshatoka. Sindano imeingia yote?' Nilikuwa nimeshamwuliza Sista, nikamwambia imeingia yote. Ndipo akanywa."